Masomo ya Kiingereza: Radi Katika Mbingu Safi

Mwalimu mmoja wa huku Ufipa alituletea barua aliyoiandika kwa Kiingereza, akatuomba tuisome na kuisahihisha kabla hajaipeleka kwa mkubwa wake. Barua ilikuwa nzuri, mistari yake imenyooka, na makosa yalikuwa machache. Lakini katikati palikuwa na sentensi moja iliyotusimamisha. Alitaka kushukuru kwa mshahara wake, akaandika kwamba mshahara wa mwezi ule ulimjia kama "a bolt from the blue". Tulipomwuliza maana yake, alijibu kwamba ameyakuta maneno hayo kitabuni, na kamusi yake ilimwambia kuwa "bolt" ni komeo la mlango, na "blue" ni rangi ya buluu. Basi akadhani ni maneno ya heshima, mfano wa kusema kwamba mlango umefunguliwa na neema imemshukia kutoka juu.

Hatumtaji mwalimu yule ili achekwe. Kosa la namna hii humpata kila ajifunzaye lugha ya kigeni, kwa sababu maana ya msemo haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno moja moja. Mgeni akisikia kwetu kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, naye akaenda mbio kumtafutia maji ya kunywa, kamusi yake haikumdanganya, ila haikumsaidia. Tena sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili. Tulipokuwa karani kijana tuliyatumia maneno haya haya mahali pasipofaa, na madhara yake hayakuwa ya kuchekesha. Habari hiyo tutaifikia. Kwanza na tuyafahamu maneno yenyewe.

Neno "bolt" lina maana nyingi. Fundi wa baisikeli hulijua kuwa ni bolti, ile inayokazwa kwa nati. Mwenye nyumba hulijua kuwa ni komeo. Mwenye duka hulijua kuwa ni jora la kitambaa. Tena farasi akikurupuka na kutoroka mbio, Waingereza hulitumia neno hilo hilo. Katika hizo zote hakuna inayotufaa. Maana tunayoitafuta ni ya kale kuliko hizo: "bolt" ulikuwa mshale mfupi, mnene, uliorushwa kwa upinde wa mtambo uliotumiwa na askari wa Ulaya kabla ya bunduki kuenea. Watu wa kale walipoona radi ikishuka na kupasua mti mkubwa, waliiona kama mshale uliotupwa kutoka juu, wakaiita kwa jina la mshale. Basi "bolt" hapa ni radi.

Katika jambo hili Kiswahili chetu si maskini hata kidogo. Tunalo neno umeme kwa mwanga tunaouona, ngurumo kwa sauti tunayoisikia, na radi kwa lile pigo lenyewe linaloua na kuchoma. Mwanafunzi asichanganye. Umeme wa mbali hauitwi "bolt", na ngurumo peke yake haiitwi "bolt". Ni lile pigo tu.

Na "blue" ni nini? Ni mbingu. Waingereza waliiita mbingu kwa rangi yake, na sisi tulifanya kinyume chake, tuliiita rangi kwa jina la mbingu, kwa maana neno samawati asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Hata hivyo Mswahili akitazama juu na kuona hapana wingu hasemi kwamba kumekuwa buluu. Husema kumekuwa kweupe. Kwa hiyo anayetaka kuufasiri msemo huu vizuri asiseme "radi kutoka buluu", kwani msikilizaji atafikiri habari ya buluu ya kufulia nguo. Aseme radi ya kweupe, au radi katika mbingu safi, na kila mtu atamwelewa.

Maana yake, basi, ni jambo zito linalomfikia mtu ghafla, bila dalili yoyote aliyoiona mbele. Thomas Carlyle aliutumia msemo huu katika kitabu chake cha historia ya mapinduzi ya Ufaransa, kilichotolewa mwaka 1837. Lakini wazo lenyewe ni la kale zaidi. Horace, mshairi wa Kirumi aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alieleza jinsi ngurumo iliyopiga mbingu zikiwa safi ilivyomgeuza mawazo juu ya miungu yake. Wajerumani wanao msemo unaofanana na huu, na Wafaransa pia. Yaelekea kila taifa lililopata kuogopa radi liliona kwamba radi yenye kuogopesha kupita zote ni ile isiyotangulizwa na wingu.

Sisi tunayo methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo wa Kiingereza ni upande wa pili wa methali hiyo. Methali yetu yamwambia mtu atazame juu, naye atajua kinachokuja. Msemo wao wasema kwamba mtu alitazama juu, akaona kweupe, na bado akapigwa. Mwalimu anayetaka kuufundisha darasani na aanze na methali, kisha aipindue. Watoto watashika upesi kuliko kwa maelezo marefu.

Sasa tuje kwenye matumizi, kwani hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwanza, jambo lenyewe liwe halikutarajiwa. Mshahara wa mwisho wa mwezi hutarajiwa na mwenyewe, na mkewe, na mwenye duka aliyemkopesha sukari. Hauwezi kuwa radi ya kweupe. Mgeni aliyetanguliza barua siku tatu kabla hawezi pia. Pili, jambo liwe zito. Kuku akiingia darasani ghafla watoto hushtuka, lakini Mwingereza hasemi "a bolt from the blue" kwa ajili ya kuku, isipokuwa anafanya mzaha. Barua ya uhamisho inayomfikia mwalimu wa Namanyere katikati ya muhula, naye ndiyo kwanza amemaliza kuezeka nyumba, hiyo yafaa. Habari ya kufiwa na ndugu aliyekuwa mzima jana jioni, hiyo yafaa zaidi. Tatu, radi ni lile jambo, si mtu aliyepatwa nalo. Tumeona mtu akiandika kwamba yeye mwenyewe alikuwa "a bolt from the blue", akikusudia kusema alishtuka. Aliyeshtuka ni mti uliopigwa; habari ndiyo radi.

Iko pia namna fupi, "out of the blue", nayo ni nyepesi. Ndugu uliyepoteana naye miaka kumi akibisha hodi jioni moja, amekuja "out of the blue". Hapo hapana pigo wala msiba, ni ghafla tu, kama sisi tusemavyo ghafla bin vuu. Anayeiogopa "bolt" na atumie hii. Haitamwaibisha mara nyingi.

Wengine huchanganya msemo huu na ule wa "taken aback". Huo wa pili ni wa mabaharia. Zamani merikebu zenye matanga ya mraba zilipokuwa zikienda, mara nyingine upepo uligeuka na kuyapiga matanga kwa mbele, yakabanwa nyuma juu ya mlingoti, na chombo kikasimama kama kilichoshikwa. Mtu aliyepigwa na butwaa hata maneno yakamwishia amesimama vivyo hivyo. Kwa hiyo msemo wa baharia waeleza hali ya mtu, na msemo wa radi waeleza jambo lililompata. Habari huja kama radi ya kweupe. Mtu husimama kama merikebu. Tuliache hapo.

Mfano ulio bora wa msemo huu tunao karibu, katika Ziwa Tanganyika, ambalo watu wa Kirando na Kasanga huliona kila waamkapo. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio waliolitawala ziwa. Walikuwa na meli mbili ndogo, Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakaongeza meli kubwa, Graf von Götzen. Adui zao upande wa Kongo hawakuwa na chombo cha kuwashinda. Waingereza wakatwaa motaboti mbili kutoka kwao, wakazipakia melini mpaka Afrika Kusini, wakazitia katika garimoshi mpaka Kongo, na njia ya reli ilipokwisha wakazikokota juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke na kwa ng'ombe, kisha kwa mto na tena kwa reli mpaka wakafika ziwani, mahali paitwapo sasa Kalemie. Mkubwa wa safari, Spicer-Simson, alizipa majina ya Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa ni majina ya kitoto ya paka na mbwa. Msomaji wetu asidhani kwamba "Mimi" ni mwandishi wa habari hii.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitokea ikipeleleza pwani ile kama desturi yake. Motaboti mbili zikatoka, na katika muda mfupi Kingani ikatekwa. Wajerumani waliona tu kwamba meli yao haikurudi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja nayo, ikazamishwa. Kwa mabaharia wa meli hizo jambo lile lilikuwa radi ya kweupe kwa kila maana ya neno: ziwa lao, siku yao ya kawaida, na mara mizinga mbele yao. Götzen, kama wengi wajuavyo, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 ili isitekwe, ikaja kuopolewa na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kasanga, uliokuwa mji wa boma la Kijerumani kwa jina la Bismarckburg, ulikwisha kuchukuliwa na Waingereza mwezi Juni mwaka huo wa 1916.

Lakini tuulize swali moja. Je, jambo lile lilikuwa radi ya kweupe kwa kila mtu? Watu waliofyeka njia ya Mitumba, waliotandika magogo juu ya vijito, waliochota maji ya kunywesha magari yale, waliziona zile motaboti zikipita kwa majuma mengi. Kwao hapakuwa na ajabu yoyote Desemba. Wingu lilikuwako, kubwa, likitembea polepole juu ya nchi kavu. Aliyepigwa hakuwa mahali pa kuliona. Hapo ndipo twaona siri ya msemo huu, ambayo kamusi hazielezi: hausemi kwamba mbingu zote zilikuwa safi. Wasema mbingu zilikuwa safi pale aliposimama mtu yule.

Jambo hilo hilo laonekana katika habari ya nzige wekundu. Tangu kadiri ya mwaka 1930 mpaka 1944 nzige hao walienea katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Ikweta. Mkulima wa mbali aliyekuwa akipalilia mahindi yake alitazama juu, akaona jua linafifia, na jioni shamba lilikuwa mabua. Kwake ilikuwa radi. Wataalamu walipofuatilia waligundua kwamba nzige wekundu wana mahali pachache pa mazalio ya kudumu, na mojawapo ni bonde letu la Rukwa, na pengine ni mabwawa ya Mweru wa Ntipa upande wa Zambia. Mwaka 1949 shirika la nchi kadha wa kadha likaundwa kuyalinda mazalio hayo, na makao yake yakawekwa Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, si mbali na mpaka wetu. Radi ya watu wa mbali ilikuwa na wingu lake huku kwetu chini ya Lyamba lya Mfipa, katika majani yaotayo pembeni mwa ziwa.

Tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910 nalo tulitaje. Lilikuwa na ukubwa wa 7.4, mojawapo ya yale makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ya 20, na asili yake ilikuwa hapa hapa Ufipa. Msemo unaruhusiwa hapo, ingawa kilichopiga kilitoka chini wala si juu.

Kinyume chake ni masimulizi ya Milansi. Wazee wa Kifipa husimulia, na mtaalamu Roy Willis aliyekusanya masimulizi mengi ya nchi hii ameyaandika, jinsi mfalme wa Milansi alivyokwenda kuwinda, na nyuma yake wakaja wanawake wageni waliokuwa wakisafiri, wakampokonya mkewe kiti cha enzi kwa maneno, na nchi ikapata watawala wapya. Mtu aweza kudhani kwamba huo ni mfano mzuri wa radi ya kweupe. Lakini masimulizi husema kwamba mfalme alikuwa amekwisha kumwonya mkewe kuwa wageni watakuja. Basi wingu lilionwa na likatajwa. Mwingereza makini hatasema "a bolt from the blue" juu ya mfalme yule. Atasema tu kwamba alinyang'anywa.

Twaja sasa kwenye deni letu.

Tulikuwa karani kijana, tumetoka shule ya misheni, na Kiingereza chetu kilikuwa kipya kama viatu vya Krismasi; tulitaka kila mtu akione. Alasiri moja ya Desemba, katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu, upande wa milima ya Mbizi, mtoto mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alipigwa na radi akafa. Jua lilikuwa likiwaka. Mvua haikunyesha wala kabla wala baada. Watu walikuwa mashambani wakipanda, wakasikia kishindo kimoja tu. Mkubwa wa kijiji alituomba tumwandikie barua ya kupeleka habari bomani. Tukaandika kwa Kiingereza, tukatia msemo wetu kwa furaha, kwamba kifo kile kilikuja "like a bolt from the blue", tukiongeza kwamba mbingu zilikuwa safi kabisa. Tulidhani tumepamba barua.

Barua iliposomwa mbele ya watu kabla ya kupelekwa, tulitakiwa kuifasiri. Tukaifasiri neno kwa neno: radi ilitoka katika mbingu safi isiyo na wingu. Kukawa kimya. Kisha mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hata karani ameandika." Hatukufahamu siku ile kwamba maneno yetu yamekuwa ushahidi. Msomaji wa huku ajua tunachokisema. Watu husema kwamba jina lenyewe la Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi", na imani kwamba mtu aweza kutuma radi kama atumavyo barua ni ya siku nyingi. Kwa wenye imani hiyo, radi yenye wingu ni ya Mungu, na radi isiyo na wingu ina mwenyewe. Palikuwa na mama mmoja mjane, mzee, aliyekuwa amegombana na wazazi wa mtoto kwa ajili ya mbuzi kuingia shambani mwake. Hakuna aliyempiga. Lakini mlangoni pake hapakubisha mtu tena, na kisimani wanawake walimpisha kwa namna isiyo ya heshima. Juma halijaisha, akafunga mizigo yake usiku, akaenda kwa kaka yake kijiji kingine.

Siku chache baadaye akapita mzee mmoja akitoka Muze, bondeni. Alisikia habari, akauliza ilikuwa siku gani na saa ngapi. Akasema, "Siku hiyo mimi nilikuwa napanda mlima. Mvua ilinyesha bondeni nikajificha chini ya mwamba. Wingu lilikuwa jeusi kama chungu." Tukatazamana. Ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba kweli, siku ile, juu ya milima ya Mbizi palikuwa na kitu cheupe, kirefu, mfano wa koliflawa kubwa. Tulikuwa tumekiona sote. Hatukukihesabu kuwa wingu la mvua, kwa sababu tulikiona kichwa chake cheupe tu, na tumbo lake jeusi lilikuwa nyuma ya mlima.

Hivyo ndivyo ilivyo. Ufipa ni uwanda ulioinuka: Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, milima ya Mbizi yapita mita 2,000, na Ziwa Rukwa liko chini kabisa kwenye kadiri ya mita 800. Hewa yenye joto hupanda kutoka bondeni, hukutana na ukuta wa mlima, hupaa, na mawingu makubwa hujengeka. Mtu wa juu huweza kukaa juani wakati mwenzake wa chini analowa. Na radi haishuki wima siku zote kutoka katika tumbo la wingu. Mara nyingine hutoka ubavuni mwake au karibu na kilele, ikasafiri hewani kwa ulalo, ikapiga ardhi mahali ambapo jua linawaka. Wataalamu wa hali ya hewa wameipima radi ya namna hiyo ikipiga zaidi ya kilomita 16 kutoka katika wingu lake, na mara chache hata kilomita 40. Nao, kwa ajabu, katika Kiingereza chao cha kazi wameipa jina hilo hilo la "bolt from the blue". Kwa hiyo msemo ulioanza kama mfano umekuwa jina la kitu halisi, na kitu hicho halisi kina wingu.

Tulipoyafahamu hayo tuliandika barua ya pili, tukamwomba mkubwa wa kijiji aisome mbele ya watu wale wale, naye mzee wa Muze akaeleza kwa kinywa chake alichokiona. Wengine walikubali, wengine walinyamaza. Yule mama alirudi baada ya mavuno. Nyumba yake ilikuwa imekwisha kuezuliwa, na ilimpasa kuanza upya. Hatujui kama alipata kuambiwa kwamba neno lililomwondoa lilikuwa neno la mapambo la karani.

Tangu siku ile tuna desturi, nasi twawashauri makarani na walimu wenzetu waifuate: msemo wa radi tusiutumie kamwe katika habari ya radi yenyewe. Katika habari ya uhamisho, ya vita, ya kufilisika kwa duka, sawa. Lakini mtu akipigwa na radi, andika saa, andika mahali, andika upande gani palikuwa na wingu hata kama lilikuwa mbali na jeupe. Kama ngurumo ilisikika kabla, andika ilisikika upande gani.

Na kwa kuwa tumefika hapo, mwalimu asione vibaya tukimpa mambo mawili matatu yasiyo ya sarufi. Radi huipasha hewa joto la kadiri ya digrii 30,000 za Sentigredi, zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua, na kule kupasuka kwa hewa ndiko ngurumo. Sauti hutembea kilomita moja kwa muda wa sekunde tatu hivi. Ukiona umeme, hesabu. Kama ngurumo imefika kabla hujafika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, nawe uko mahali pa hatari ingawa juu yako ni kweupe. Watoto waondolewe uwanjani na chini ya mti, waingizwe katika nyumba imara au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, wakae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha nyasi humkinga mtu na mvua tu. Nyumba za shule nazo zahitaji fimbo ya chuma ya kuipeleka radi ardhini. Tarehe 28 Juni 2011 huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya. Nchi za maziwa yetu makuu hupigwa sana. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki ya Kongo, kuwa mahali pa pili duniani kwa wingi wa umeme wa mawingu, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela.

Jambo jingine, nalo ni kubwa: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Kumgusa hakumdhuru mtu. Wengi waliosimama moyo wangeweza kupona kama angalikuwapo mtu wa kuwakandamiza kifua na kuwapulizia pumzi mara moja. Kule kijijini tulikokutaja, mtoto alilala chini muda mrefu kabla ya mtu kuthubutu kumkaribia.

Tumrudie mwalimu wetu. Alifuta sentensi yake, akaandika kwa Kiingereza chepesi kwamba amepokea mshahara na anashukuru, na barua ikaenda. Miezi miwili baadaye akaja tena, uso wake umejaa furaha. Alikuwa amelipwa malimbikizo ya miaka mitatu aliyokwisha kuyakatia tamaa, naye alitaka kujua kama sasa ameruhusiwa kuutumia msemo ule. Tulishauriana kidogo. Tukamwambia kwamba jambo halikutarajiwa, hilo ni kweli, nalo ni zito, hilo pia ni kweli. Lakini kwa kuwa hapana mtu aliyeumia, aandike "out of the blue", na ile "bolt" aiache. Akaandika, akatusomea kwa sauti, akaliweka vizuri kila neno. Kisha akatuuliza kama "blue" iandikwe kwa herufi kubwa.

Tulimwambia herufi ndogo yatosha.